Rangi ikikosa kutokea, je, ni ugonjwa au ni chupa?

Ikiwa umewahi kupanda matatu ya kutoka Meru kwenda Nairobi kupitia Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes na Embu, yamkini umeketi kando ya mtu aliyepakata mfuko mdogo wa karatasi kwa uangalifu kama aliyebeba mayai. Hakubali mfuko huo uwekwe pamoja na mizigo mingine. Ukimuuliza amebeba nini, atakujibu kwa mkato kwamba ni kitu cha hospitali. Ndani mna chupa, na ndani ya chupa mna kipande cha nyama kilichokatwa katika titi, tumbo au koo la mtu wa kwao. Anakipeleka maabara huko Nairobi ili ijulikane ni ugonjwa gani.

Mwaka wa 2022 abiria huyo alikuwa mimi, na mwenye nyama alikuwa shangazi yangu. Kwa kuwa nilipewa jina la babu, yeye huniita baba. Alipogundua uvimbe katika titi la kushoto hakumwambia mtu mwingine ila mimi, tena baada ya miezi saba. Shangazi ana shamba la chai juu ya Runyenjes, na alidhani ni mkanda wa kikapu uliokuwa ukimsugua. Tulikwenda hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu lililotokea pale lingeweza kutokea popote. Daktari wa upasuaji alikata kipande siku ya Ijumaa alasiri. Formalini ilikuwa imekwisha. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, alikitumbukiza kipande kile katika maji ya chumvi ya dripu, akafunga kifuniko kwa plasta, akanikabidhi. Maabara niliyoelekezwa haikupokea kitu siku za wikendi. Basi nilikaa na chupa ile nyumbani kwangu Embu, juu ya kabati, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu alfajiri.

Hakuna aliyeniambia kwamba muda wote huo jibu la shangazi lilikuwa likioza.

Baada ya wiki tatu matokeo yalikuja. Karatasi ilisema ni saratani ya titi ya aina ya lobula, yaani ile inayofananishwa na vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa. Ilisema kwamba protini iitwayo kadherini E haikuonekana. Ilisema tena kwamba vipokezi vya homoni havikuonekana. Daktari wa saratani, msichana mdogo tu ambaye shangazi alimwita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, aliisoma karatasi ile mara mbili, akaiweka mezani, akasema, "Hii karatasi inajipinga yenyewe."

Ili uelewe alichokiona, msomaji, sina budi kukuingiza kidogo ndani ya maabara. Naomba univumilie.

Mwili wetu ni mkusanyiko wa chembechembe hai, ambazo wataalamu huziita seli. Seli za ngozi, za matumbo na za mirija ya maziwa hazikurundikwa tu kama maharagwe katika gunia. Zimeshikana. Miongoni mwa vitu vinavyozishikanisha ni hiyo kadherini E, ambayo hutokeza juu ya seli moja na kuishika nyenzake iliyo juu ya seli jirani, mithili ya watu walioshikana mikono katika mduara wa ngoma. Mshiko wenyewe huhitaji madini ya kalisiamu. Kalisiamu ikiondolewa, mikono inaachana. Mwanasayansi Masatoshi Takeichi wa Japani ndiye aliyeongoza kazi ya kuigundua jamii hii ya protini, na jina kadherini lilitokana na kazi yake.

Saratani nyingi za titi ni zile za mirija. Seli zake zimeharibika, lakini bado zimeshikana na hukaa kwa mafungu. Katika saratani ya lobula, kwa kawaida kadherini E imepotea. Seli zimeachana mikono, nazo hupenya katika nyama ya titi moja moja, zikifuatana kwa mstari kama siafu. Ndiyo maana uvimbe wa aina hii mara nyingine hauna mpaka unaoshikika kwa vidole, na hata picha ya eksirei ya titi huweza kuupita bila kuuona. Katika kila saratani 100 za titi, kama 10 hadi 15 huwa za namna hii.

Sasa, kadherini E haionekani hivi hivi kwa hadubini. Ili ionekane inatumwa kingamwili. Kingamwili, kama unavyojua, ni kitu ambacho mwili hutengeneza ili kukamata adui aliyeingia, na kila kingamwili hukamata kitu chake peke yake. Wanasayansi Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge mwaka 1975, walionyesha njia ya kupata kingamwili ya aina moja tu, kwa wingi, bila kukoma. Panya huchomwa sindano ya kitu kinachotafutwa, kisha seli za wengu wake huunganishwa na seli za saratani zisizochoka kuzaana. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kingamwili moja inayojulikana sana ya kutafuta kadherini E ya binadamu huitwa HECD-1. Ilielezwa na watafiti wa Japani mwaka 1989, na ilipatikana kwa kumchoma panya seli za saratani ya titi ya mwanamke. Kwa hivyo ni panya wa maabara aliyetupa macho ya kuona kilichomo ndani ya titi la mama zetu.

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Kufikia mwaka 1980 watafiti wa ILRAD pale Kabete, taasisi ambayo baadaye iliunganishwa na nyingine kuwa ILRI, walikuwa wamechapisha kazi yao ya kingamwili za namna hii za kutofautisha vimelea vya ndigana kali, ugonjwa uliowamalizia wakulima ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wetu walitangulia kupata huduma ambayo mama zetu wangali wakiisafiria.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kipande cha nyama kikishaimarishwa kwa formalini, hugandishwa ndani ya nta na kuwa bloku ndogo, kama kipande cha sabuni ya hoteli. Bloku hiyo hukatwa vijisehemu vyembamba mno, vya maikroni 3 au 4, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kijisehemu hubandikwa juu ya kioo, hupashwa moto katika maji maalumu ili protini zilizofungwa na formalini zifunguke, kisha hudondoshewa kingamwili. Baadaye huongezwa dawa inayotoa rangi ya kahawia mahali kingamwili iliposhika. Daktari wa patholojia akichungulia, ataona seli zenye kadherini E zimezungukwa na ukingo wa kahawia kama vyumba vilivyopakwa rangi kutani. Pasipo na kadherini E hapana rangi.

Hapa ndipo nataka utulie, msomaji, kwa kuwa ndipo penye kiini cha makala haya. Katika vipimo vingi tulivyovizoea, rangi ikitokea ndiyo habari mbaya. Mstari ukitokea katika kipimo cha malaria, una malaria. Lakini kwa kadherini E jibu zito ni lile la kukosekana kwa rangi. Na rangi inaweza kukosekana kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo. Pengine seli zimeipoteza protini kweli. Au pengine chupa ya kingamwili imekufa ndani ya friji stima ilipopotea, au imepita tarehe, au nyama ilioza katika maji ya chumvi juu ya kabati la mtu huko Embu. Kwenye kioo, mambo haya hufanana kama mapacha.

Kuna njia ya kuyatofautisha, nayo haihitaji mashine. Katika vipande vingi vya titi lenye saratani hubaki pia mirija mizima isiyougua. Mirija hiyo ina kadherini E. Ikiwa imetoka kahawia na seli za saratani zimebaki nyeupe, basi kingamwili ilifanya kazi, na jibu ni la kuaminika. Ikiwa hata mirija mizima imebaki nyeupe, kipimo kimeshindwa na hakistahili kuandikiwa jibu lolote. Isitoshe, maabara inayojiheshimu huweka pia, katika kila upimaji, kipande kingine cha nyama ambacho tayari hujulikana kuwa na protini inayotafutwa. Hicho ndicho cha kulinganishia. Ni jambo la kawaida kama mpishi kuonja mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni.

Turudi kwa daktari na karatasi yake. Alikuwa ameona nini? Saratani ya lobula, kwa sehemu kubwa sana, huwa na vipokezi vya homoni ya estrojeni. Zile zisizo navyo ni chache. Karatasi ilisema lobula na papo hapo ikasema hakuna vipokezi. Haikuwa muhali, lakini ilikuwa ajabu ya kutosha kumfanya mtu mwangalifu asite. Aliomba bloku ipelekwe maabara nyingine. Kule walikata kioo kipya, wakakuta ukingoni kuna mirija mizima michache. Nayo ilikuwa nyeupe. Nyama ilikuwa imeharibika kabla ya kufika mezani. Maabara ya kwanza haikuitazama mirija ile, au iliitazama na haikuona haja ya kusema.

Shangazi alikatwa kipande kingine. Safari hii nilinunua formalini mwenyewe, na chupa ilifika maabara siku ya pili. Kadherini E ilitoka kahawia pande zote. Vipokezi vya estrojeni navyo vilitoka, vingi. Saratani yake ilikuwa ya mirija, na ilikuwa ya namna inayolishwa na homoni. Tofauti ya karatasi hizo mbili ni kidonge cha tamoksifeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka isiyopungua mitano, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Kwa karatasi ya kwanza asingeandikiwa. Hakuna ambaye angemkatalia kwa ubaya, kwani kwa mtu asiye na vipokezi dawa hiyo haina kazi, na daktari angekuwa amefuata alichosoma.

Sasa kuna jambo la pili ambalo sikulijua hadi rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa maabara, aliponifungulia friji kazini kwake. Vichupa vyenyewe ni vidogo kuliko kidole gumba. Vingine vina ujazo wa sehemu moja ya kumi ya mililita, na kimoja huweza kugharimu mamia ya dola. Alinionyesha viwili. Kimoja kilikuwa na kibali cha kupimia wagonjwa. Cha pili, kwa maandishi madogo mno, kilisema kuwa ni cha utafiti tu na si cha kupimia wagonjwa. Vyote viwili vilikuwa vya kutafuta protini ile ile.

Maneno hayo madogo si mapambo. Kingamwili ya utafiti huuzwa kwa mtu anayefanya majaribio, na mwenye kiwanda hajathibitisha kwamba itatoa jibu lile lile katika titi la mgonjwa, kwenye nta, mwaka huu na mwaka ujao. Baadhi hukamata kitu kingine kabisa. Hata watafiti wenyewe wamelalamika; mwaka 2015 zaidi ya wanasayansi 100 walitia sahihi wito katika jarida la Nature wakidai kingamwili ziwekewe viwango, kwani fedha nyingi zilikuwa zikipotea kwa vichupa visivyofanya kile kilichoandikwa juu yake. Ikiwa mtafiti wa Ulaya anapoteza fedha, sisi tunapoteza nini?

Simlaumu moja kwa moja fundi anayetumia chupa ya utafiti. Mara nyingine ndiyo pekee anayoweza kuipata, na sayansi yake haina kasoro iwapo maabara itaijaribu yenyewe kwanza, juu ya vipande kadhaa vinavyojulikana, na kuandika ilichokiona. Ninachokikataa ni kuifungua asubuhi na kuitumia kwa mgonjwa mchana, kisha karatasi inatoka na muhuri na hakuna anayejua.

Msomaji, wakati huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, wengi wetu tulidhani kwamba mambo kama haya yatasogezwa karibu. Mengine yalisogea. Siku hizi mgonjwa anaweza kupewa dawa za saratani Meru na Embu bila kulala katika vibaraza vya Nairobi, na hilo si dogo. Hata hivyo dawa imetangulia na jibu limebaki nyuma. Upimaji wa nyama kwa kingamwili bado hufanywa zaidi Nairobi. Sijawahi kuona gavana akikata utepe wa friji ya maabara. Utepe hukatwa mbele ya mashine kubwa inayong'aa, ile inayofaa kupigwa picha.

Maoni yangu ni kwamba Meru, Embu na Tharaka Nithi, ambazo kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 zina zaidi ya watu milioni 2.5, zijenge maabara moja ya kazi hii. Nasema moja. Najua kila kaunti ingependa yake, na bila shaka kutakuwa na ubishi iwekwe mji gani. Lakini kingamwili huharibika zikikaa. Maabara inayopokea vipande viwili kwa wiki itamwaga dawa nyingi kuliko itakayotumia, na fundi asiyefanya kazi kila siku husahau mkono wake. Maabara moja yenye kazi nyingi itakuwa na daktari wa patholojia anayekaa, friji mbili, kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, na jenereta ya kuilinda friji pindi stima zinapokatika. Kila mtu wa kwetu anajua zinavyokatika msimu wa mvua.

Na vichupa viwe vichache mwanzoni. Kinyume na unavyoweza kutarajia baada ya kusoma hadi hapa, mimi sisemi kadherini E iwe ya kwanza. Vipokezi vya estrojeni na projesteroni vitangulie, kisha HER2, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua dawa. Kadherini E husaidia kuupa ugonjwa jina lake, na jina hilo peke yake si lazima libadilishe matibabu. Iwe ya nne au ya tano. Nimeizungumzia kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoumbua uzembe upesi kuliko zote: maabara inayoweza kutoa jibu la kuaminika la kadherini E ni maabara inayojua kujikagua.

Watakuwepo wasomaji wa Igembe na Tigania watakaouliza mbona sijataja saratani ya koo, ambayo ndiyo imetuzika watu wengi. Swali ni la haki. Saratani ya umio aghalabu hutambuliwa kwa rangi za kawaida za hadubini bila kingamwili yoyote, na anayeumwa huhitaji zaidi kamera ya kuingizwa kooni mapema kuliko chupa yangu. (Huku tukingoja, chai ipoe kidogo: shirika la IARC lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio.) Saratani ya tumbo nayo ipo kwetu. Ilikuwa ikidhaniwa ni nadra Afrika Mashariki, lakini mwaka 2001 jarida la British Journal of Cancer lilichapisha makala yenye makadirio ya chini kabisa ya kiwango cha ugonjwa huo mashariki mwa Kenya, na tangu hapo haifai tena kuichukulia kama ajali ya mtu mmoja mmoja.

Kwenye tumbo, kadherini E ina historia yake ya kusisimua. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand, wakiongozwa na Parry Guilford, walitangaza kwamba familia moja ya Wamaori iliyopoteza watu wengi kwa saratani ya tumbo ilikuwa ikirithishana hitilafu katika jeni inayotengeneza protini hii. Wanawake wa familia za namna hiyo huwa pia katika hatari ya ile saratani ya titi ya lobula. Ni wanafamilia wenyewe waliohesabu vifo vyao, wakaacha kuviita laana na kutafuta watafiti. Usije ukaogopa bure: saratani nyingi za tumbo hazirithiwi, na chanzo kikuu ni kijidudu cha helikobakta ambacho kina dawa. Lakini kama katika boma lenu wamekufa watatu kwa tumbo, hasa wakiwa vijana, mwambie daktari kwa hesabu na kwa majina. Kwetu mambo haya husemwa kwa minong'ono mazishini, kisha yanafukiwa pamoja na marehemu.

Wapo watakaosema kwamba kuongelea kingamwili wakati wagonjwa wanachanga harambee ili walipie dawa ni anasa. Nimeisikia hoja hii kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni fupi. Fedha za harambee zikinunua dawa isiyofaa ugonjwa ule, waliochanga wameibiwa pamoja na mgonjwa. Kipimo sahihi ndicho kinacholinda ng'ombe aliyeuzwa.

Tena sehemu kubwa ya dosari haimo katika vichupa vya bei ghali. Imo katika formalini, ambayo ni rahisi kupita kiasi. Kipande cha titi kinapaswa kuingia katika formalini ya asilimia 10 iliyopunguzwa ukali inavyotakiwa, ndani ya saa moja tangu kikatwe. Formalini iwe nyingi, angalau mara 10 ya ukubwa wa nyama. Kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Titi zima likiondolewa, likasukumwa katika ndoo ndogo bila kupasuliwa, formalini haifiki katikati. Nje huonekana pamekauka vizuri na ndani pameoza. Si maji ya chumvi, si spiriti, si maji ya bomba. Hakuna kaunti ambayo haiwezi kuhakikisha kwamba kila chumba cha upasuaji kina formalini Ijumaa alasiri.

Kwa hivyo ukiwa wewe ndiwe utakayepakata mfuko huo, uliza kabla ya kutoka mlangoni: humu mna formalini? Ilitiwa saa ngapi? Iandikwe kwenye chupa. Usikae nayo hadi Jumatatu kama nilivyofanya mimi. Jibu likija na maneno kwamba protini fulani haikuonekana, muulize daktari kwa heshima kama mirija mizima iliyo katika kipande hicho ilitoka rangi, na kama kipande cha kulinganishia kilitoka rangi. Daktari mzuri hatakasirika. Huyu wetu alifurahi kuulizwa. Uliza pia bloku ya nta imewekwa wapi na namba yake ni ipi, maana bloku iliyohifadhiwa vyema inaweza kukatwa upya miaka mingi baadaye, ilhali karatasi haiwezi kurudi kuwa nyama.

Shangazi alifanyiwa upasuaji, akamaliza dawa za mishipani, nywele zimeota tena na zimekuwa nyeupe kuliko awali. Kidonge chake hukimeza saa moja asubuhi kabla ya kwenda kuchuma. Namba ya bloku ameiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kitabu anachorekodia kilo za majani ya chai, kando ya hesabu ya bonasi, na nikimtembelea huniuliza kama bado ninaikumbuka.